Kutoka Zao la Kodi hadi Ushauri wa Kuacha: Tumbaku, Sera ya Afya na Lugha katika Arua na Koboko

Tarehe 19 Mei 2016, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 ilianza kutumika nchini Uganda. Ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma, mahali pa kazi na ndani ya vyombo vya usafiri, pamoja na umbali wa mita 50 kuzunguka maeneo hayo. Ilizuia kumuuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, ikakataza kuuza sigara mojamoja, na kuagiza maonyo ya picha na maandishi yafunike asilimia 65 ya pande kuu za pakiti. Kwa vipimo vya Afrika, ni miongoni mwa sheria kali zaidi za aina yake.

Mita hizo 50 zina maana ya pekee wilayani Koboko. Katika eneo la Salia Musala, mahali mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapokutana, hatua chache tu humtoa mvutaji chini ya sheria moja na kumweka chini ya nyingine, na mara nyingi aliyesimama upande wa pili ni shemeji yake anayezungumza Kikakwa kilekile. Lakini mpaka si tatizo kuu linaloshughulikiwa hapa. Makala haya yanahoji kwamba sera ya kuwasaidia watu kuacha tumbaku katika West Nile imeandikwa kana kwamba historia yake inaanza na mvutaji, ilhali inaanza na serikali yenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne, dola ilimfundisha mkazi wa eneo hili kuitegemea tumbaku. Sasa inamwambia aiache, kwa sauti ambayo, kilugha na kihuduma, haijamfikia vyema.

Zao la kodi

Tumbaku ilikuwapo kabla ya serikali. Ilipandwa karibu na nyumba, ikakaushwa na kuvutwa kwa kiko na wazee, wanaume na wanawake, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za bonde la Nile ya juu. Kilicholetwa na ukoloni kilikuwa shamba la tumbaku lenye mnunuzi, na sigara yenye pakiti.

West Nile iliingizwa katika Uganda mwaka 1914. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Lado, eneo lililoshikiliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki, kisha likawa chini ya utawala wa Sudan. Wakoloni wa Kiingereza waliikuta ikiwa mbali na reli na mbali na soko, na kwa miongo kadhaa waliitumia kama ghala la watu. Vijana wa Kilugbara, Kialuri na Kikakwa walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Kodi ya kichwa ndiyo iliyowasukuma. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa urefu kuhusu uhamaji huo wa vibarua na jinsi ulivyogusa ukoo na ndoa.

Tumbaku ililetwa kama jibu la tatizo hilo: zao ambalo lingemwezesha mtu kulipa kodi bila kuondoka kwao. Kampuni ya British American Tobacco ilikuwa imeanza shughuli zake Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kujenga kiwanda mjini Jinja. Kufikia katikati ya karne, Maracha, Terego, Aringa na Koboko yalikuwa maeneo ya tumbaku, na Arua ikawa mji wa maghala yake. Haifai kuidharau faida iliyopatikana. Kwa familia nyingi, ada ya shule, bati la kuezekea na mahari vilitoka kwenye marobota ya majani makavu. Kizazi kizima cha walimu na makarani wa West Nile kilisomeshwa na tumbaku, na hadi leo msimu wa soko la tumbaku hukumbukwa na wazee kwa furaha ambayo hakuna bango la afya linaloweza kuifuta.

Hapa ipo sadfa ya kihistoria inayostahili kuangaliwa. Mnamo Septemba 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza uchunguzi wao uliounganisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962, Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa taarifa yake mashuhuri kuhusu jambo hilohilo. Yaani katika miaka ileile ambayo madaktari wa dola tawala walikuwa wakijifunza kuiogopa sigara, kilimo cha tumbaku kiliendelea kuenezwa katika wilaya ya pembezoni ya himaya. Wala si kwamba West Nile ilikuwa gizani kitabibu. Katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, madaktari ndugu wawili, Ted na Peter Williams, walikuwa wakiandika kwa uangalifu mkubwa kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa taya, kumbukumbu zilizosaidia sana utafiti wa saratani ambayo daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, aliieleza mwaka 1958. Saratani moja ilihesabiwa Arua mtoto kwa mtoto. Mmea unaoleta nyingine ulipimwa Arua kilo kwa kilo.

Historia iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Wakati wa utawala wa Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, biashara ya kampuni hiyo ilichukuliwa na serikali, nayo haikurudi mikononi mwa wenyewe hadi mwaka 1984. Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979, sehemu kubwa ya wakazi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Waliporudi katika miaka ya 1980, waliikuta ardhi lakini hawakuikuta mifugo, na zao lililokuwa na mnunuzi anayetoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo lilikuwa tumbaku. Mkopo huo ulikatwa sokoni kabla mkulima hajaona fedha. Ndani ya utaratibu huo kulikuwa na jambo ambalo watunga sera ya afya wangepaswa kuliangalia kwa wivu: mkulima alijulikana kwa jina, shamba lake lilitembelewa na bwana shamba wa kampuni tangu kitaluni hadi kwenye banda la kukaushia, naye alisikilizwa, japo kwa masilahi ya anayemsikiliza. Hakuna mvutaji aliyewahi kufuatiliwa hivyo.

Gharama nazo zilikuwa kubwa. Tumbaku inayokaushwa kwa mvuke wa moto hula kuni kwa wingi, na vilima vya Maracha na Terego vilivuliwa miti yake ya asili kabla mikalitusi haijapandwa kuziba pengo. Watoto walivuna pamoja na wazazi wao. Wavunaji wa majani yenye umande walipatwa na kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi, na wengi walidhani ni malaria. Mkulima wa aina hiyo hubeba tumbaku mwilini hata kama hajawahi kuweka sigara mdomoni.

Kisha mnunuzi akaondoka. Utengenezaji wa sigara ulihamishwa kutoka Jinja hadi Nairobi katikati ya muongo wa 2000, na kuanzia mwaka 2013 kampuni ikajiondoa katika ununuzi wa majani na kuwaachia wanunuzi wengine. Mabanda yaliyobaki bila moto katika baadhi ya vijiji ndiyo sura ya kwanza ya neno “kuacha” kwa wakulima wengi, nayo haikuja na ushauri wowote.

Sheria na anayeambiwa

Uganda ilitia saini Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2004 na kuuridhia mwaka 2007. Ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha tumbaku na kutibu utegemezi wake. Ibara ya 17 inazungumzia njia mbadala za kujipatia riziki kwa wanaoilima. Ni ibara mbili ambazo, katika West Nile, humhusu mara nyingi mtu yuleyule.

Mswada wa Uganda uliwasilishwa na mbunge Chris Baryomunsi, ambaye ni daktari, kama mswada wa mbunge binafsi. Bunge liliupitisha Julai 2015. Kampuni ya British American Tobacco Uganda ilipinga baadhi ya vifungu mbele ya Mahakama ya Katiba, na mwezi Mei 2019 mahakama hiyo ilitupilia mbali shauri hilo. Ushindi huo ulikuwa muhimu kwa nchi nyingine za Afrika pia.

Hata hivyo, ukiisoma sheria hii kwa kuuliza ni nani hasa anayeambiwa, jibu liko wazi. Vifungu vyenye meno vinamhusu mtengenezaji, muuzaji na mwenye jengo, kwa sababu hao ndio wanaoweza kutozwa faini. Kumsaidia mvutaji ni kazi isiyoandikiwa faini. Inahitaji bajeti, watu na muda. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 7.9 ya watu wazima wa Uganda walikuwa wakitumia tumbaku, asilimia 11.6 ya wanaume na 4.6 ya wanawake. Kiwango hicho si kikubwa kikilinganishwa na nchi nyingi, na huenda udogo wake ndio umewafanya watumiaji wasahaulike kwa urahisi. Tiba zenyewe zinajulikana. Dawa zinazochukua nafasi ya nikotini ya sigara, kama vile vibandiko vya ngozi na chingamu, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Bupropioni na vareniklini zikaongezwa mwaka 2021. Lakini hospitali ya taifa ya Butabika, yenye kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, iko Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka Koboko. Mtu hasafiri kilomita 500 kwa sababu ya kikohozi cha asubuhi.

Bei nayo, ambayo kwingineko ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote cha kumfanya mvutaji apunguze, hulegea mpakani. Arua ni mji uliowahi kuwapa umaarufu wauzaji wa petroli ya magendo walioitwa OPEC Boys. Njia zilizopitisha madumu hupitisha katoni bila shida. Kodi ikipanda Kampala, sigara ya magendo huwa na thamani zaidi Koboko. Hii si hoja ya kupinga kodi, kama wenye viwanda wanavyopenda kuitumia. Inaonyesha tu kwamba palipo na mpaka, msaada wa ana kwa ana unapaswa kubeba mzigo ambao kwingine hubebwa na bei.

Neno la kuacha

Lugha imechukuliwa katika sera hizi kama suala la tafsiri, linaloshughulikiwa mwishoni na mtu aliyelipwa kwa ukurasa. Katika Koboko ni suala la msingi. Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa, Kinubi na Kiswahili husikika katika soko moja, na Kiingereza ndiyo lugha ya sheria na ya mafunzo ya tabibu.

Kiswahili kilifika hapa kwa njia yake, kikiwa lugha ya kambi. Askari wa King's African Rifles kutoka West Nile waliamrishwa kwa Kiswahili, na sigara ilikuwa sehemu ya maisha ya kambini waliyorudi nayo nyumbani. Mwezi Agosti 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Baada ya 1979, sehemu kubwa ya Uganda ya kusini ilibaki kukisikia kama lugha ya mtutu wa bunduki. Koboko haikukisikia hivyo, au haikukisikia hivyo tu, kwa sababu hapa kilikuwa pia lugha ya kununulia mihogo kutoka Kongo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Wizara ya afya inayotaka lugha moja ya kuvuka mipaka mitatu haihitaji kuitafuta mbali.

Lakini ni Kiswahili kipi? Istilahi sanifu ya utegemezi ni “uraibu”. Neno hili lina historia ya kupendeza: kamusi za Kiswahili hulieleza pia kama mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku unaotafunwa kwa starehe, desturi ya pwani ya Bahari ya Hindi. Kumwambia mzee wa Koboko kwamba ana uraibu ni kumletea neno la Mombasa na Unguja kueleza hali ambayo yeye huieleza kwa kusema “nimezoea”. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyezoea hajioni mgonjwa. Kwa hiyo hawezi kutafuta tiba, na mhudumu anayeanza na istilahi ya ugonjwa atakuwa ameufunga mlango kabla ya kuingia.

Vitenzi navyo vinatofautiana. Kiswahili huvuta sigara, lakini katika Kiganda sigara hunywewa, kama ilivyo katika Kiarabu cha mazungumzo ambacho ndicho mzazi wa Kinubi. Mahali tumbaku inaponywewa, husimama kando ya pombe na chai, vitu vya kukaribishana. Kuikataa si kulinda mapafu tu, bali ni kumkataa mwenyeji. Ujumbe unaozungumzia mapafu peke yake haujibu swali ambalo mtu ataulizwa jioni hiyo na rafiki zake.

Kitenzi “kuacha” chenyewe kina tatizo lake. “Ameacha” ni tendo lililokamilika. Mtu ama ameacha ama hajaacha. Tafiti za afya, kwa upande mwingine, zinaonyesha kwamba wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Anayerudia sigara baada ya wiki tatu, kwa sarufi ya kauli ya kawaida, ni mtu aliyesema uongo. Na kwa hali ya kuamuru, “acha!” ni sauti ya kambi ileile iliyokileta Kiswahili hapa. Maonyo ya pakiti katika nchi jirani zinazotumia Kiswahili, yaani Tanzania na Kenya, kwa muda mrefu yalimwambia mvutaji kwamba sigara ina madhara. Hilo analijua. Kiswahili hakina upungufu wa njia za kusema mengine: “umefikia wapi?”, “ulipumzika siku ngapi safari hii?”, “kilichokurudisha ni nini?” Hizi ni kauli za kumpokea mtu aliyeanguka njiani, nazo hazihitaji baraza la istilahi kuziidhinisha.

Kampeni zilizofika

Anayedai kwamba eneo hili ni gumu kufikiwa anapaswa kukumbushwa historia yake. Kati ya mwaka 1972 na 1974, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile ili kuchunguza uhusiano wa kirusi na saratani ya Burkitt, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Watoto 42,000, katika miaka ya utawala wa Amin, kijiji kwa kijiji. Mradi huo ulikuwa wa utafiti, si wa huduma, na hilo ni lalamiko la haki. Hata hivyo ulithibitisha kwamba nyumba za Lugbara zinahesabika na kwamba wazazi wakielezwa hukubali.

Mfano wa malale uko karibu zaidi. Koboko ilikuwa miongoni mwa maeneo ya malale ya aina ya gambiense, na ugonjwa huo ulipofumuka miongoni mwa waliorudi kutoka uhamishoni, timu za uchunguzi zilikwenda vijijini. Katika muongo wa 2010, vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vyenye kiuatilifu vilisimikwa kandokando ya mito ya Arua, Maracha, Koboko na Yumbe ili kuwaua mbung'o. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina hiyo ya malale imetokomezwa Uganda kama tatizo la afya ya umma. Hakuna aliyewaambia wakazi wa Koboko waache kwenda mtoni. Kampeni ilikwenda mtoni pamoja nao.

Tumbaku si mbung'o, na mtu hawezi kusimikiwa kitambaa. Lakini mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Julai 2024 kuhusu kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku haudai mambo ya ajabu. Unapendekeza kwamba kila mtumiaji anayefika kwenye kituo chochote cha afya apewe ushauri mfupi wa kati ya sekunde 30 na dakika 3, kama sehemu ya kazi ya kila siku. Katika Koboko, mahali pa kuanzia ni kliniki ya kifua kikuu. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu na kufa kwacho, na matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, kwa hiyo mgonjwa na mhudumu wake hukutana tena na tena, kama mkulima na bwana shamba walivyokutana zamani. Wahudumu wa afya wa vijiji, walioanzishwa Uganda mwaka 2001, tayari hutembelea nyumba na tayari wanajua ni nani bado anawasha banda lake.

Mzee anayefuata dawa zake za mwezi wa pili anaweza kuulizwa kwa Kikakwa, kwa Kilugbara, kwa Kinubi au kwa Kiswahili: “Mzee, mara ya mwisho ulivuta lini?” Swali hilo halimalizi sekunde 30 katika lugha yoyote kati ya hizo. Jibu litachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu litapitia jeshini, uhamishoni Sudan, bei ya robota na shamba ambalo mwanawe bado analilima, na mhudumu atahitaji kuwa na kiti cha pili.